Mji Mchanga Mno Kulindwa

Nimekulia Kisutu, Dar es Salaam, kwenye nyumba ya ghorofa moja yenye roshani ya mbao: duka chini, sisi juu. Joto la Januari halikututesa. Dari lilikuwa juu, kuta nene, madirisha yakitazamana, upepo wa baharini ukikatiza vyumbani. Sasa pale pamesimama jengo refu la vioo. Umeme ukikatika, hapakaliki.

Sheria haikuzuia nyumba yetu kubomolewa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuujenga mji huu katika miaka hiyohiyo ya 1860! Kwa hiyo karibu katikati yote ya mji ni changa mno kulindwa, mpaka waziri atangaze jengo mojamoja kuwa la kulindwa.

Tena mwaka 1971 serikali ilitaifisha nyumba nyingi za kupangisha na kuzikabidhi kwa Msajili wa Majumba. Kodi ilikuwa ndogo, ukarabati haba. Chokaa ikabanduka, kiwanja kikapanda thamani kuliko nyumba iliyokaa juu yake.

Sipingi maghorofa, watu wanahitaji pa kuishi. Ila Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Haraka ya kujenga iliwagharimu majirani zetu.

Kuhifadhi kunawezekana: jengo la Boma la Kale hapa mjini limekarabatiwa na linatumika. Ninachoomba ni mitaa mizima itangazwe, pamoja na roshani na maduka yake, na wenye nyumba wapunguziwe kodi ya majengo wanapokarabati.