Mkono Hutangulia Akili

Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nani kati yetu hajaruka kando shambani kwa ajili ya kipande cha kamba? Mguu umekwisha kuruka, ndipo akili inasema: kumbe ni kamba tu.

Ndugu wafanyakazi, jambo hili wataalamu wamelipima kwa miaka mingi, nalo latuhusu sana sisi tunaoshinda mbele ya mashine.

Mwaka 1850 Mjerumani Hermann von Helmholtz alipima mwendo wa habari ndani ya mshipa wa fahamu wa chura. Wengi walidhani habari hufika papo hapo. Yeye aliona kwamba husafiri makumi machache tu ya mita kwa sekunde. Mwaka 1868 Franciscus Donders wa Uholanzi aliwajaribu watu. Aliyejua mapema ni mguu upi utakaoguswa alijibu upesi. Aliyelazimika kuchagua kati ya kulia na kushoto alichelewa kwa kadiri ya sehemu moja ya 15 ya sekunde. Kufikiri kunakula wakati.

Ndiyo maana mwili una njia ya mkato. Ukishika sufuria ya moto, habari hufika kwenye uti wa mgongo, na amri ya kuondoa mkono hutoka hapo hapo. Maumivu huyasikia baadaye kidogo.

Njia hii huokoa, lakini pia huponza. Katika mito ya Asia ya Kusini-Mashariki yuko nyoka wa majini mwenye vipembe viwili puani. Mwaka 2009 Kenneth Catania wa Marekani alieleza ujanja wake. Nyoka hujikunja kama ndoana, samaki akiwa katikati. Kisha hutikisa kiwiliwili chake upande mmoja. Samaki hukurupuka kukimbilia upande wa pili, na mara nyingi huelekea kinywani mwa nyoka. Samaki huyo hakuwa mzembe. Mwili wake ulifanya kama ulivyoumbwa.

Nasi je? Kitambaa kikinaswa au jani likikwama, mkono hukimbilia kulivuta kabla hatujafikiri. Tupige hesabu. Hata mtu mwepesi huhitaji kama sehemu moja ya tano ya sekunde aanze kuitikia alichokiona. Mkanda uendao mita 2 kwa sekunde umekwisha kusogea sentimita 40, karibu dhiraa nzima.

Ajali ikitokea, neno la kwanza la msimamizi ni "uzembe". Hatusemi mfanyakazi asiwe mwangalifu. Twasema uangalifu peke yake haushindi mbio za mashine. Dawa ni wavu wa chuma unaoziba meno na mikanda, kifungo cha kusimamishia mashine kilicho karibu na mkono, na mashine ya kukandamiza isiyoshuka mpaka mikono yote miwili iwe juu ya vifungo vyake. Vitu hivi havingoji akili iamke.

Basi kamati ya tawi isikubali neno "uzembe" liandikwe peke yake kwenye fomu ya ajali. Iulize: kinga ilikuwapo? Kama iliondolewa, ni kwa amri ya nani? Kifungo kilikuwa hatua ngapi kutoka kwa aliyeumia? Na tusingoje damu imwagike. Maswali haya tuyaulize kesho asubuhi, kabla mashine hazijawashwa.