Bidoni Kichwani Nalo ni Mazoezi

MTANGAZAJI: Ukiulizwa, "Je, unafanya mazoezi?" utajibuje? Wengi hapa Dzaleka tutasema hapana, kwa sababu kwetu mazoezi ni mpira na kukimbia asubuhi. Kumbe anayesema hapana ametoka kulima na amechota maji mara mbili!

Jibu hilo lina uzito. Mgonjwa wa presha akiandikwa kwamba mwili wake haufanyi kazi, ataambiwa atembee zaidi, wakati tatizo lake huenda ni chumvi au dawa alizoacha.

Ndiyo maana dodoso la Shirika la Afya Duniani, lililotumika Malawi katika uchunguzi wa mwaka 2009, huuliza mambo manne: kazi, safari za miguu au baiskeli, michezo, na muda wa kukaa. "Kazi" hapo ni hata ile isiyolipwa: kulima, kuchota maji, kazi za nyumbani.

Lakini neno kazi linatutia hofu. Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi walioko mijini warudi kambini. Anayekwenda kuuza bidhaa Lilongwe akisikia swali la kazi, hufunga mdomo. Mwingine husahau, mwingine huongeza chumvi. Dodoso huishi kwa kumbukumbu na kuaminiana.

(MLIO WA BOMBA LA MAJI)

MTANGAZAJI: Njia ya pili ni kifaa kinachovaliwa mkononi kama saa, au kiunoni, mara nyingi kwa siku saba. Kinarekodi mtikisiko wa mwili. Hakisahau wala hakioni aibu.

Hata hivyo, kina upofu wake. Cha kiunoni huona hatua zako, lakini hakijui kwamba kichwani una bidoni la lita 20, yaani kilo 20 za maji. Dereva wa kabaza anakanyaga baiskeli mpaka jasho linamtoka, lakini kiuno chake kimetulia, basi kinamhesabia kidogo. Na ukikivua, hakina la kusema. Kwa hiyo kifaa hupima mwendo, dodoso hueleza mwendo huo ulikuwa wa nini. Vyote viwili vinahitajika.

Sasa wewe ufanye nini? Kwanza, jibu kwa dakika. Mtu mzima anashauriwa apate angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli ya wastani, kama kutembea kwa haraka. Ukitembea hivyo kuchota maji mara mbili kwa siku, dakika 20 kila safari, kwa wiki ni dakika 280. Umevuka! Lakini fundi cherehani anayeshinda kwenye kiti, ingawa anachoka, bado anahitaji kutembea.

Pili, kabla ya kujibu au kuvaa kifaa, uliza: majibu yangu yanakwenda kwa nani? Kifaa hiki kinaonyesha nilipo? Una haki ya kuelezwa, na una haki ya kukataa.

Hadi kipindi kijacho, afya njema.

(MUZIKI WA KUFUNGA)