PIKAPU INAYOZIMA IKIPATA MOTO



Msimu wa karafuu ukikaribia, maneno ya magari huzidi. Wanachama watatu wamefika ofisini na shitaka moja: pikapu huwaka vizuri asubuhi, huenda maili chache, kisha huzima njiani. Ikipumzika nusu saa huwaka tena kama kwamba haina neno. Mwenye gari ana magunia nyuma na mvua inamjia, na karafuu ambazo hazijakauka sawasawa zikikaa zimefungwa hupata joto zikavunda. Mtu katika hali hiyo hununua spea bila ya kufikiri.

Namna ya kuutafuta ugonjwa huu niliiona Mabogini, chini ya mji wa Moshi, nilipokwenda kumzuru shemeji yangu. Mabogini ni tambarare ya joto, yenye mashamba ya mpunga ya skimu ya Lower Moshi iliyokamilika mwaka 1987 kwa ushirikiano na Japani. Shemeji hupandisha mchele Kibosho, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, akarudi na ndizi. Toka mjini ni mlima mtupu: gia ya pili, injini inafanya kazi kubwa, na mwendo ni mdogo hata upepo hauipozi. Pikapu yake ni ya zamani, ya petroli na kabureta. Alikwisha nunua pampu ya petroli, plagi nne na rejeta, na ikazima vile vile.

"Mzee, gari hii nataka kuiuza," alimwambia fundi mmoja mtu mzima.

"Ngoja bwana, tuipandishe kwanza izime."

Mafundi wa mwanzo wote waliitazama imepoa, na ikipoa haina ugonjwa.

Ilipozima, mzee hakukawia. Alichomoa waya wa plagi moja, akautia katika plagi kuukuu aliyokuwa nayo mfukoni, akailaza juu ya chuma cha injini, akamwambia shemeji apige stata. Cheche hapana. Basi petroli haikuwa na kesi. Akachovya kitambaa majini, akakikamua, akakizungushia koili peke yake. Baada ya dakika chache cheche ikaruka na gari ikawaka. Ndani ya koili mna waya mwembamba sana uliozungushwa mara maelfu. Ukichakaa, joto huutanua ukaachia, na ukipoa hushikana tena. Koili ilibadilishwa, na pikapu ikapanda Kibosho bila ya kusimama.

Cheche ikiwapo, geukia petroli. Fungua mfuniko wa tangi: ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa nguvu, kitundu cha kupumulia kimeziba. Kama sivyo, weka kitambaa cha maji juu ya pampu na bomba lake, kwa kuwa petroli iliyo karibu na ekzosi hugeuka mvuke na pampu ikashindwa kuivuta. Poza kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukimwagia injini nzima maji, gari itawaka nawe hujui kilichoiponya, na chuma cha moto chaweza kupasuka.

Waya ushikwe kwa koleo yenye mpira, na pasiwe na petroli inayovuja karibu. Sindano ya joto ikiwa juu, hiyo ni kesi nyingine, na mfuniko wa rejeta usiguswe mpaka ipoe. Huko mlimani maji huchemka mapema, kiasi cha digrii moja kwa kila mita 300. Vilima vyetu havifiki hata mita 150, kwa hiyo udhuru huo hatunao.

Pikapu mpya zisizo na kabureta mara nyingi husumbuliwa na sensa ya krankshafti, nayo ipimwe ingali na moto. Za dizeli hazina cheche kabisa. Hizo anzeni na chujio na hewa katika mabomba.

Plagi ya kupimia ipo ofisini. Mwanachama anayeihitaji aje aandikishe jina, airudishe kabla ya Ijumaa.

Katibu