Lisbon: Jua la usiku na kaburi la Vasco da Gama

UKIFIKA Lisbon, mji mkuu wa Ureno, mwezi wa Julai, usiilaumu saa yako. Saa mbili na nusu za usiku jua bado linaonekana, na watoto wangali wanacheza vichochoroni! Vaa viatu imara pia, kwani mji huu ni vilima vitupu na mawe ya njiani huteleza hata bila mvua.

Lakini Mkenya hakai mgeni hapa kwa muda mrefu. Mkahawani utaketi kwenye 'mesa', nje utaona 'bandeira' ikipepea, na dukani utauziwa 'lenço'. Ndiyo meza, bendera na leso zetu. Kanisa wao huliita 'igreja', na huko ndiko tulikolipata neno gereza!

Panda tramu namba 15 hadi Belém, kando ya mto Tagus. Hapo pana makao ya watawa ya Jerónimos, yaliyoanza kujengwa 1501 kwa ushuru wa biashara ya Afrika na Mashariki. Kanisani, karibu na mlango, amelala Vasco da Gama, yule yule uliyemsoma darasani, aliyetia nanga Mombasa na Malindi mwaka wa 1498.

Watalii walikuwa wakipiga picha huku wakitabasamu. Mimi nilikumbuka Kilwa, ambako mwaka wa 1502 alimlazimisha mtawala kulipa dhahabu kwa vitisho vya mizinga. Kaburini nimeona kamba na merikebu zilizochongwa kwa ustadi mkubwa. Kuhusu Kilwa, sikuona neno.

Nilisimama pale kitambo, kisha nikatoka nje kutafuta maji ya kunywa.