Si kila mkojo unaochoma ni 'UTI sugu'

Mama mmoja muuza mafuta ya alizeti hapa Dodoma alikuja kwangu na mfuko uliojaa maboksi matupu ya dawa. Mwaka mzima alikuwa akitibiwa kile alichoambiwa ni UTI sugu. Usiku anaamka mara tano kwenda chooni. Basi la Dar es Salaam hapandi mpaka aulize litasimama wapi watu wachimbe dawa. Tulipima mkojo, tukauotesha maabara, tukapima sukari, tukafanya na ultrasaundi. Vyote safi.

Nikamuuliza tatizo lilianza lini. Akanyamaza, kisha akasema: "Tangu niliposhindwa marejesho, daktari. Wanakuja mpaka nyumbani." Ilikuwa ile mikopo ya 'kausha damu'.

Najua unachowaza: daktari kakosa ugonjwa, sasa anasingizia mawazo. Hapana. Maumivu yake ni ya kweli kama ya mtu mwenye jipu.

Kibofu cha mtu mzima hubeba takriban mililita 400 hadi 500. Kinapoanza kujaa hutuma taarifa kwenye ubongo kupitia uti wa mgongo, na ubongo ndio unaojibu: bado, subiri. Aliyewahi kusubiri nje ya chumba cha mtihani anajua hofu inavyoharibu mpango huo. Sasa fikiria hofu hiyo ikidumu miezi. Homoni kama adrenalini na kortisoli huuweka mwili katika hali ya kujihami, na ubongo huanza kupokea kila taarifa ndogo kana kwamba ni ya dharura. Kibofu chenye mkojo kidogo tu kinahesabiwa kimejaa. Misuli ya nyonga hukaza bila wewe kujua, nayo ikikaza muda mrefu huuma. Mishipa ya fahamu inakuwa nyepesi kuhisi maumivu, hata mkojo usio na kimelea chochote unachoma. Usiku hulali, na asiyelala huhisi maumivu zaidi kesho yake.

Antibayotiki haiwezi kutuliza hilo. Kinachopatikana ni usugu wa dawa, siku utakapopata UTI ya kweli.

Wengi wenye shida hii hujinyima maji ili wasiende chooni. Kwa ukame wetu wa Dodoma, mkojo unakuwa mzito kama chai ya rangi na unachoma zaidi. Kunywa kidogo kidogo mpaka uwe wa njano mpauko, na upunguze kahawa, chai kali na soda.

Mzazi, nawe sikia. Mtoto aliyekaa miezi sita au zaidi bila kukojoa kitandani, kisha akaanza tena, usimchape wala usimwaibishe kwa kuanika godoro mbele za watu. Mlete kwanza apimwe mkojo na sukari, maana kisukari cha watoto huweza kuanza hivyo. Choo kigumu nacho hubana kibofu. Kisha uliza taratibu nini kimebadilika: amefiwa, amepelekwa bweni, wazazi wanagombana, anaonewa shuleni, au kuna mtu anamfanyia ukatili. Fimbo inamwongezea msongo uleule.

Yule mama nilimpa daftari badala ya dawa. Aliandika saa za kwenda chooni, akajifunza kuchelewesha kwa dakika chache na kuongeza kama dakika 15 kila wiki, huku akivuta pumzi ndefu na kulegeza tumbo. Nilipotaja mshauri wa saikolojia aliruka: "Unanipeleka Mirembe?" Hospitali ile imegeuzwa utani wa mtaani, na utani huo unawachelewesha wagonjwa wengi. Mwishowe alikubali.

Usifanye haya kabla ya kupimwa. Ukiona damu kwenye mkojo, homa, maumivu ya ubavuni, mkojo kuziba, miguu kukosa nguvu, au kiu kali na kupungua uzito, nenda hospitali. Mjamzito asisubiri hata siku moja. Mwanamume aliyevuka miaka 50 achunguzwe tezi dume.

Wiki ya sita alirudi. Sasa anaamka mara mbili, wakati mwingine moja. Deni bado lipo, na wiki ya marejesho kibofu bado humsumbua, ila haendi tena duka la dawa. Anachukua daftari lake na kuandika.