Kanuni ya Kuamilisha Vipengele: Msingi wa Mifumo Inayosomana

Kwa mfugaji wa Kata ya Piyaya, wilayani Ngorongoro mkoani Arusha, taarifa ya mvua si habari ya kupita. Ndiyo inayomsaidia kuamua iwapo mifugo ihamishwe sasa au isubiri malisho yachipue. Ukame wa mwaka 2009, uliosababisha vifo vya mifugo mingi katika wilaya za kaskazini mwa Tanzania, ulidhihirisha thamani ya taarifa sahihi inayofika kwa wakati.

Leo taarifa za aina hiyo hupita katika mifumo ya kompyuta kabla ya kumfikia mwananchi. Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019, iliyoanzisha Mamlaka ya Serikali Mtandao (eGA), imeweka msingi wa taasisi za umma kuwa na mifumo inayosomana, yaani inayobadilishana taarifa pasipo mwananchi kulazimika kubeba nyaraka kutoka ofisi moja hadi nyingine. Hata hivyo, kuunganisha mifumo ni hatua moja; kuhakikisha kila sehemu inaanza kazi kwa wakati wake ni hatua nyingine.

Programu kiunganishi ni nini?

Programu kiunganishi ni programu inayokaa kati ya mfumo unaotoa taarifa na mfumo unaozipokea. Miongoni mwa viwango vya kimataifa vinavyotumika katika eneo hili ni DDS, kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2004 na taasisi ya viwango ya Object Management Group ya Marekani. Kiwango hicho hutumika katika uongozaji wa ndege, mifumo ya meli na roboti.

Katika DDS, mtoaji hahitaji kumfahamu mpokeaji kwa jina. Kila upande hutaja mada inayouhusu, kwa mfano kiasi cha mvua, na programu kiunganishi huzikutanisha pande zenye mada moja na masharti yanayolingana.

Kuundwa si kuamilishwa

Kiwango hicho hutofautisha hali mbili. Kipengele kinaweza kuwa kimeundwa lakini hakijaamilishwa: kipo, kinaweza kupangiwa masharti, ila hakionekani kwa wengine na hakitumi wala kupokea taarifa. Kikiamilishwa, hutambulika mtandaoni na kuanza kazi.

Kwa kawaida, kipengele huamilishwa papo hapo kinapoundwa, mradi kile kilichokiunda kimekwishaamilishwa. Utaratibu huo unafaa kwa mifumo midogo. Katika mfumo wenye sehemu nyingi, unaweza kuleta hasara. Mathalani, mtoaji wa vipimo vya mvua akianza kutuma kabla ya mpokeaji kuwa tayari, na masharti yake hayamtaki kutunza taarifa zilizopita, vipimo vya mwanzo havitamfikia mpokeaji huyo. Jumla ya mvua itakayosomeka itakuwa pungufu, na hakuna kengele itakayolia.

Kwa sababu hiyo, kiwango kinamruhusu mtaalamu kuzima uamilishaji wa papo hapo. Vipengele vyote huundwa vikiwa vimetulia, hupangiwa masharti, kisha huamilishwa kwa amri maalumu. Ni sawa na mfugaji asiyefungua lango la boma kabla wachungaji hawajashika nafasi zao.

Mpangilio wa kuzingatia

Kwanza, kipengele cha juu huamilishwa kabla ya vile vilivyo chini yake. Kinyume chake, amri hukataliwa. Pili, ni vyema wapokeaji waamilishwe kabla ya watoaji. Tatu, mtoaji asubiri uthibitisho kwamba amekutanishwa na mpokeaji, kwa kuwa vipengele huchukua muda kutambuana hata baada ya kuamilishwa.

Aidha, yapo masharti yasiyobadilika baada ya hatua hiyo, yakiwamo ya uhakika wa kufikisha taarifa na ya utunzaji wa taarifa zilizopita. Vilevile, kiwango hakina amri ya kukirudisha kipengele katika utulivu wake wa awali. Aliyekosea hulazimika kukifuta na kukiunda upya. Hivyo, muda wa ukaguzi ni kabla ya kuamilisha.

Umuhimu kwa mwananchi

Kanuni hii haihusu DDS pekee. Mfumo wowote unaobadilishana taarifa, uwe wa hali ya hewa, afya au vitambulisho, unahitaji kutenganisha siku ya kujengwa na siku ya kuanza kuhudumia. Mwananchi aliyesafiri umbali mrefu kufuata huduma akiambiwa kuwa taarifa zake hazionekani, inawezekana zipo, ila upande mmoja wa mfumo ulianza kabla ya mwingine.

Kwa mkazi wa Piyaya, mpangilio huo hauonekani kwa macho. Matokeo yake ndiyo yanayoonekana: taarifa kamili, iliyofika kabla mifugo haijaanza safari.