Chuo Kikuu cha Umma: Nani Huamua Nini, na Lalamiko Lako Lipelekwe Wapi



Mkazi wa Kitendaguro aliyepunjwa kilo sokoni anajua kwamba mizani ni kazi ya Wakala wa Vipimo. Lakini binti yake anapomwarifu kutoka chuoni kwamba matokeo ya somo moja hayaonekani, na kwa hiyo jina lake halimo katika orodha ya wahitimu, mzazi huyo huyo hajui pa kuanzia. Mmoja humwendea diwani, mwingine humtafuta mbunge, na mwingine husubiri siku ya mahafali ili amwone Mkuu wa Chuo. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu mwenye mamlaka juu ya alama za mtihani. Wakati huo siku zinakwenda, na haki ya kukata rufaa ina muda wake.

Jambo hili sasa liko karibu nasi zaidi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kujenga kampasi yake ya Kagera katika eneo la Itahwa, Kata ya Karabagaine, nje kidogo ya Manispaa ya Bukoba. Ujenzi huo ni sehemu ya mradi wa kitaifa wa elimu ya juu unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 425. Kadhalika, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho nacho ni cha umma, kina kituo cha mkoa mjini Bukoba. Tumeona ni vema tueleze jinsi vyuo hivi vinavyoongozwa, ili anayelipa ada ajue ni nani anayewajibika kwake.

Msingi wa kisheria

Vyuo vikuu vyote nchini huendeshwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, Sura ya 346. Chini ya sheria hiyo, kila chuo kina Hati Idhini yake. Ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni ya mwaka 2007, ingawa chuo chenyewe kilianza mwaka 1961 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963, na kikasimama peke yake mwaka 1970. Hati Idhini ndiyo inayogawa madaraka. Chini ya hati hiyo hutungwa kanuni za mitihani, za ada na za nidhamu, ambazo mwanafunzi huahidi kuzifuata anapojisajili. Anayezisoma kabla ya shida huwa na nguvu kuliko anayezitafuta baada ya shida.

Viongozi na vyombo vya uamuzi

*Mkuu wa Chuo.* Huyu huteuliwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano. Ndiye anayetunuku shahada siku ya mahafali. Mwaka 1970 alikuwa Mwalimu Julius Nyerere. Mwaka 2016 aliteuliwa Rais mstaafu Jakaya Kikwete. Cheo hiki ni cha heshima kubwa, lakini mwenye cheo hasimamii shughuli za kila siku. Barua ya kulalamikia alama ikipelekwa kwake itarudishwa kwa wanaohusika, nawe utakuwa umepoteza majuma kadhaa.

*Baraza la Chuo.* Hiki ndicho chombo cha juu cha utawala. Mwenyekiti wake huteuliwa na Rais, na wajumbe wake ni pamoja na wawakilishi wa Serikali, wanataaluma, wafanyakazi na wanafunzi. Baraza hupitisha sera, bajeti na viwango vya ada, husimamia mali ya chuo na huwa mamlaka ya ajira na nidhamu ya watumishi.

*Seneti.* Mambo ya taaluma ni yake: udahili, mitaala, mitihani na matokeo. Alama anazotoa mhadhiri hubaki za muda hadi Seneti izithibitishe. Ndiyo maana tangazo la matokeo huweza kuandikwa kuwa ni ya awali.

*Makamu Mkuu wa Chuo.* Neno "makamu" huwapotosha wengi. Huyu ndiye mtendaji mkuu, na ndiye anayeongoza vikao vya Seneti. Husaidiwa na Naibu Makamu Mkuu wa Chuo, mmoja akishughulikia taaluma, mwingine mipango, fedha na utawala. Chini yao wako Rasi wa ndaki, Amidi wa shule na Wakuu wa Idara. Kampasi iliyo mbali na makao makuu haina Baraza wala Seneti yake: matokeo ya mwanafunzi wa Itahwa huthibitishwa na Seneti ile ile inayothibitisha ya mwenzake wa Dar es Salaam.

Kiti cha mwanafunzi

Nafasi ya wanafunzi katika vikao hivi haikuja bila mvutano. Mwaka 1971 kiongozi wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Symonds Akivaga, aliondolewa chuoni baada ya kuukosoa hadharani uongozi kwamba hauwashirikishi wanafunzi katika maamuzi, na wenzake wakasusia masomo. Leo uwakilishi huo umo katika sheria. Mwanafunzi anayempigia kura mwakilishi wake anamchagua mtu ambaye sauti yake itasikika ada na kanuni zinapojadiliwa.

Turudi kwa binti wa Kitendaguro

Matokeo yake yamekosekana. Tunashauri afuate hatua hizi kwa mpangilio:

1. Amwandikie mhadhiri wa somo pamoja na Mkuu wa Idara, akitaja namba yake ya usajili, jina la somo na tarehe ya mtihani. Abaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.
2. Asipojibiwa, amwandikie Rasi au Amidi, akiambatisha nakala ya barua ya kwanza.
3. Hatua inayofuata ni ofisi ya Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia taaluma, na baada yake ni rufaa kwa Seneti, ndani ya muda uliotajwa katika kanuni za mitihani.
4. Yakihusu fedha, aanzie ofisi ya uhasibu akiwa na stakabadhi, kisha apande kwa Naibu anayesimamia fedha.

Aandike mwenyewe. Mwanafunzi wa chuo kikuu ni mtu mzima mbele ya sheria, na aghalabu chuo hakitajadili alama zake na mzazi bila ridhaa yake. Kazi ya mzazi ni kumhimiza asikae kimya na kumtunzia nyaraka.

Yasiyo mikononi mwa chuo

Mkopo hutolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Chuo huthibitisha tu kwamba mwanafunzi anasoma na anaendelea. Ithibati ya programu hutolewa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kabla ya kulipa ada ya programu yoyote, hakikisha imo katika mwongozo wa udahili wa Tume wa mwaka huo.

Tahadhari tatu

Kwanza, ada ya chuo cha umma hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali. Usitume fedha kwenye simu ya mtu, hata akijitambulisha kuwa ni mtumishi.

Pili, anayedai fedha au ngono ili atoe alama anatenda kosa la jinai. Rushwa ya ngono imekatazwa na kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Piga simu TAKUKURU, namba 113, bila malipo. Hapa huhitaji kuanza kwa Mkuu wa Idara.

Tatu, taarifa za chuo cha umma si siri ya watumishi wake. Hesabu zake hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 humpa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 30.

Hatuwezi kukuahidi kwamba kila barua itapata jibu unalolitaka. Lakini barua iliyofika kwa mwenye mamlaka, ndani ya muda na ikiwa na nakala, si rahisi kupuuzwa.